Zamu ya Usiku, Mstari wa Kumi na Nne

Kazi yangu ni kuinyima ngano baridi.
Jua likishazama nyuma ya maghala ya Obregón
nashusha turubai juu ya mistari sita,
nawasha vipasha joto, naongeza nyuzi mbili,
si zaidi, si pungufu,
kisha nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
na chupa ya kahawa.

Wenzangu wa mchana huniuliza:
gizani, Hermelinda, unapima nini?
Jani limelala.

Jani halilali.
Kilichochumwa juani ndicho kinacholiwa sasa,
sukari ya alasiri, kijiko baada ya kijiko:
sehemu kwa mizizi, sehemu kuziba nyufa,
sehemu posho ya suke.
Usiku wa baridi jani hula kwa adabu,
likabakiza.
Usiku wa joto pumzi zake huenda mbio
kama za mtu apandaye ngazi
hali yumo kitandani.

Usiku wa deni haukawii kucha, husemwa.
Aliyesema hakukesha na ngano.
Huu unakawia,
na jani linalipa taslimu.

Saa kumi na mbili na nusu, umande bado haujakauka,
nalibana jani la juu kabisa, lile waliloliita bendera,
katika taya za mashine,
polepole, kama mtu amshikaye mtoto sikio
bila nia ya kulivuta.
Nangoja jua liliguse.
Kioo kinaniambia ni hewa ya ukaa kiasi gani
jani limeivuta na kuifanya chakula.
Nje ya turubai: ishirini na nne.
Ndani: ishirini na moja.
Jua ni lilelile. Maji ni ya mfereji uleule.
Tofauti ni usiku tu,
na usiku hauonekani tena.

Mbegu ya mstari wa tisa haikutetereka.
Sijui kwa nini. Daktari Ofelia naye hajui,
na tangu Jumanne anatembea kwa furaha ya kutojua.

Mjomba Casimiro hana mashine.
Anafikicha suke kiganjani, anapuliza makapi,
anazigeuza punje kwa kidole gumba
kama achambuaye mchele.
Nyembamba, anasema. Zimewahi kuiva,
zimeiva kabla ya kushiba.
Halafu ananitazama mimi,
kana kwamba ni mimi niliyewasha.

Na mama yangu, kule Bácum,
anapindua mto wake usiku kucha
akitafuta upande wa baridi.
Kwani wewe, aliniuliza akikunja chapati ya unga wa bondeni,
pana, nyembamba, unaweza kumwona mtu upande wa pili,
wanakulipa kuipika kabla haijavunwa?
Nilicheka. Nilikula mbili.

Jana nilikuwa nikitafuta ukurasa mtupu
nikalifungua daftari la mwaka wangu wa kwanza.
Wiki hiihii ya Machi, mwandiko wangu wa woga,
tarakimu zimepigiwa mstari mara mbili:
Nje, nyuzi tisa. Ndani, kumi na moja.

Nikanyanyuka kwenye ndoo,
nikautazama ule waya ulioning'inia nje,
mbali na turubai, mbali na umeme wangu wote.
Kumi na moja.
Nikaugonga kwa ukucha, nikangoja.
Kumi na moja.

Usiku ule niliouunda kwa nyaya na mafuta ya jenereta,
usiku wa majaribio, wa "tuseme ikitokea,"
ulikuwa umesimama wazi juu ya bonde zima,
juu ya Casimiro, juu ya mto wa mama,
bila turubai,
bila mtu wa zamu.

Nilirudi ndani. Niliandika saa, nikaandika nyuzi,
mwandiko wangu siku hizi hauna woga.
Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu,
nikaongeza mbili.